Kona Kwanza, Skeli Baadaye: Kusanifu Treni ya Abiria kwa Matofali ya Kuchezea

Anayetaka kuijenga treni ya kweli kwa matofali ya LEGO kwa kawaida huanza na swali moja: niipunguze mara ngapi? Anatafuta urefu wa behewa, upana na kimo chake, anagawanya, anapata idadi ya matofali. Kwa treni ya kuweka kabatini, hilo ndilo swali lenyewe. Kwa treni ya kuchezea, ile ambayo mtoto ataikimbiza sakafuni, ataijaza abiria, ataiangusha na kuirudisha relini, swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni hili: kona ya reli inaruhusu nini?

Nasisitiza jambo hili kwa sababu treni nyingi nzuri zinakufa hapo. Kwenye picha zinapendeza, rangi zimepangwa, madirisha yamehesabiwa moja moja. Ukiziweka relini, kona ya kwanza tu zinang'ang'ania, ya pili zinaanguka. Mtoto hajali kama madirisha ni kumi au matano. Anajali treni iende.

Tuanze na vipimo visivyobadilika. Kutoka katikati ya kinundu kimoja cha juu ya tofali hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha tofali la kawaida ni milimita 9.6, na bamba, yaani lile tofali jembamba, ni theluthi yake, milimita 3.2. Reli za LEGO zilianza kuuzwa mwaka 1966, na nafasi kati ya reli mbili imebaki ileile tangu wakati huo: kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine ni vinundu vitano, milimita 40, na ukipima kwa ndani unapata kama milimita 37.5. Taruma, yaani kile kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli mbili, lina upana wa vinundu nane. Kipande kilichonyooka kina urefu wa vinundu 16. Kona nayo, na hiki ndicho kipimo cha kukariri, ina nusukipenyo cha vinundu 40, yaani milimita 320. Vipande 16 vya kona vinafunga duara, na duara hilo pamoja na mataruma yake linaenea sakafuni penye nafasi ya sentimita 71 kwa 71.

Kuna kipimo kingine, abiria mwenyewe. Mwanasesere wa LEGO tunayemjua leo, mwenye mikono inayoshika na miguu inayokunjika, alitoka mwaka 1978, miaka 12 baada ya reli. Kimo chake ni kama sentimita 4. Kwa hiyo reli hazikupimwa kwa ajili yake, na hapo ndipo mzozo unapoanza.

Treni moja, skeli nne

Nitatumia treni moja ambayo vipimo vyake vinajulikana vizuri: Shinkansen ya kwanza ya Japani, aina ya 0. Ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, ikaenda hadi kilomita 210 kwa saa, na ndiyo iliyoufungulia ulimwengu mlango wa reli za mwendo kasi. Behewa lake la kati lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 3.38. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, sawasawa na reli ya SGR ya Tanzania na ya Kenya.

Ukiifuata reli, 1,435 gawanya kwa 37.5, unapata skeli ya 1 kwa 38, yaani kila kipimo kimepunguzwa mara 38. Behewa linakuwa na urefu wa sentimita 66 na upana wa vinundu 11. Ukimfuata mwanasesere, ukamhesabu kuwa mtu wa mita 1.70, unapata karibu 1 kwa 42, na behewa la sentimita 59. Ukichagua mwili wa upana wa vinundu nane, ambao wajenzi wengi wazoefu wanaupenda, unapata 1 kwa 53 na behewa la sentimita 47. Ukichagua vinundu sita, upana wa treni nyingi za kiwandani, unapata 1 kwa 70 na behewa la sentimita 35 na nusu.

Hakuna skeli kati ya hizo nne inayolifanya behewa kuwa fupi kuliko nusukipenyo cha kona, ambacho ni sentimita 32. Hata ile ndogo kabisa imezidi.

Shinkansen ya kweli haikuwahi kukutana na shida hii. Njia ya Tokaido ilijengwa ikiwa na kona zenye nusukipenyo cha angalau mita 2,500. Kwa skeli ya 1 kwa 70 hiyo ni kona ya mita 35 na nusu, na hakuna sebule ya kuibeba. Kinyume chake, kona ya LEGO ikikuzwa mara 70 inakuwa na nusukipenyo cha mita 22 na nusu, kipimo cha tramu inayokata mtaa wa mji wa zamani. Tunaitaka treni iliyobuniwa kwenda karibu moja kwa moja ikatize kona iliyobana zaidi ya mara mia kuliko ile iliyotengenezewa.

Behewa linapokata kona

Behewa la abiria halifuati reli kwa mwili wake wote. Linaifuata mahali pawili tu, kwenye mabogi, yaani zile fremu zenye magurudumu manne zinazozunguka chini ya sakafu, moja mbele na moja nyuma. Mwili ni mstari ulionyooka uliolazwa juu ya mabogi mawili. Kwenye kona, sehemu ya katikati inaingia ndani ya kona, na ncha zinatoka nje. Kadiri mabogi yanavyokuwa mbalimbali, ndivyo tumbo linavyoingia ndani. Kadiri ncha zinavyopita mbele ya mabogi, ndivyo zinavyojitokeza nje.

Hesabu yake ni ile ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni. Nusu ya umbali kati ya mabogi ni upande mmoja wa pembetatu, nusukipenyo cha kona ni ule upande mrefu, na upande wa tatu unaonyesha tumbo la behewa liko mbali kiasi gani na kitovu cha kona. Kwenye Shinkansen aina ya 0, umbali kutoka kitovu cha bogi moja hadi cha jingine ni mita 17.5. Kwa skeli ya 1 kwa 70 hiyo ni kama milimita 249. Fanya hesabu: katikati ya behewa inaingia ndani milimita 25, na ncha zinatoka nje milimita 24. Vinundu vitatu kila upande. Nguzo yoyote ya stesheni, ukingo wowote wa jukwaa, mti wowote uliopandwa karibu na reli utagongwa.

Hilo bado si baya kuliko yote. Tazama kinachotokea kwenye kona ya S, pale reli inapopinda kushoto kisha kulia bila kipande kilichonyooka katikati. Kona ya namna hiyo hutokea mara nyingi kwenye njia panda ya reli, yaani pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Behewa la mbele linatupa mkia wake upande mmoja wa reli, na behewa la nyuma linatupa kichwa chake upande mwingine. Milimita 24 jumlisha 24 ni 48, na 48 ndio upana wote wa behewa la vinundu sita. Yaani ncha mbili zilizokuwa zinatazamana zinaachana kabisa, moja huku nyingine kule. Hakuna sumaku wala ndoano itakayozishika.

Sasa fupisha. Misingi ya behewa inayouzwa kiwandani ikiwa kipande kimoja ina urefu kama vinundu 24 au 28. Chukua 28, yaani milimita 224, na weka vitovu vya mabogi umbali wa vinundu 20. Tumbo linaingia ndani milimita 10, ncha zinatoka nje milimita 9 na nusu. Kila upande unazidi kinundu kimoja kidogo tu, na kwenye kona ya S ncha zinaachana milimita 19. Hapo treni inapita.

Angalia uwiano huo. Vinundu 20 katika 28 ni 0.71. Shinkansen ya kweli, mita 17.5 katika 25, ni 0.70. Mabehewa marefu ya kimataifa ya Ulaya, yale ya mita 26.4 yenye mita 19 kati ya mabogi, ni 0.72. Hii haikutokea kwa bahati. Uwiano wa karibu 0.7 ndio unaosawazisha kuingia ndani na kutoka nje, kwa hiyo nafasi inayohitajika kando ya reli inakuwa ndogo kuliko kwa mpango mwingine wowote wa behewa lenye urefu huo. Wahandisi wa Japani, wahandisi wa Ulaya na mtoto mwenye matofali sakafuni wanatii jometri moja. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika kazi hii: ukifupisha behewa kwa theluthi nzima lakini ukautunza uwiano wa mabogi, jicho linaendelea kuliamini. Ukitunza urefu na kuyasogeza mabogi hovyo, jicho linaona kasoro mara moja hata kama mtazamaji hawezi kuitaja.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapa. La kwanza ni kiungio. Sumaku ya kuunganisha mabehewa ifungwe kwenye bogi, isifungwe kwenye mwili. Bogi linafuata reli, kwa hiyo sumaku zinabaki zikitazamana hata pale ncha za miili zimepishana. Ukifunga sumaku mwilini, kila kona ya S itakuwa mapambano kati ya sumaku na magurudumu, na magurudumu ndiyo yatakayoshindwa.

La pili ni bogi la pamoja. TGV ya Ufaransa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Paris na Lyon mwezi Septemba 1981, ina mabehewa ya kati yanayochangia bogi: bogi moja limekaa kwenye maungio ya mabehewa mawili. Kwa hiyo hakuna ncha inayojitokeza mbele ya bogi, na tatizo la kona ya S linapungua sana. Ni suluhisho maridadi, na kwa matofali linajengeka. Lakini lina gharama yake: mtoto hawezi tena kulikata behewa moja na kuliacha stesheni, kwa sababu likitolewa halina miguu ya nyuma. Kuunganisha na kukata mabehewa ni nusu ya mchezo wa treni. Mimi ningelitumia bogi la pamoja pale tu ambapo treni ya kweli inalo na mtoto mwenyewe ameiomba treni hiyo.

Sita au nane

Wajenzi wamebishana juu ya upana kwa miaka mingi. Nane inaonekana vizuri zaidi, hilo sibishi. Ndani ya ukuta unabaki na vinundu sita, unaweza kuweka kiti kila upande na njia katikati, na mwanasesere hafanani na jitu. Kwa vinundu sita, skeli ikiwa 1 kwa 70, mwanasesere wa sentimita 4 anakuwa mtu wa mita 2.8, na Shinkansen yenye viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili inabaki na abiria mmoja kwa safu na kijinjia kando yake.

Hata hivyo, kwa kuchezea, sita inashinda, na sababu kubwa haionekani kwa nje. Treni za sasa za LEGO zinatumia betri. Mfumo wa zamani wa volti 9, ulioanza 1991, ulipitisha umeme kwenye reli za chuma, kwa hiyo treni yenyewe haikubeba chochote zaidi ya mota. Mfumo wa betri ulioingia mwaka 2006 na ile iliyofuata imehamishia mzigo ndani ya treni. Kisanduku cha betri cha mfumo ulioanza 2018 kinachukua betri sita za AAA, na kina upana wa vinundu vinne na urefu wa vinane. Nne jumlisha kuta mbili za kinundu kimoja ni sita. Kimepimwa kwa ajili ya behewa la vinundu sita na kinaingia humo bila kuacha nafasi. Behewa la upana wa nane lina mwili mkubwa zaidi, linakuwa zito zaidi, linahitaji matofali mengi zaidi, na mota ileile inalivuta kwa shida zaidi kwenye kona. Kwa anayeagiza vipande kutoka nje na kulipia usafiri na ushuru, tofauti hiyo inaonekana mfukoni kabla haijaonekana relini.

Kuhusu upana wa reli usijisumbue sana. Ni kweli kwamba kwa 1 kwa 70 reli ya milimita 1,435 ingepaswa kuwa milimita 20 tu, na ya LEGO ni karibu mara mbili. Lakini treni za aina ya Shinkansen zina sketi pembeni zinazofunika sehemu ya mabogi, na kasoro inajificha nyuma ya sketi hizo. Kazi inakuwa ngumu kwa treni za reli ya mita moja, zile za reli ya zamani kutoka Mombasa kwenda bara au za Reli ya Kati, na za TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Mabogi yake yako wazi, magurudumu yanaonekana, na behewa linaonekana limetanua miguu kuliko inavyostahili. Dawa ya hapo ni kutanua mwili hadi vinundu saba au kuongeza mapambo mazito pembeni ya bogi ili jicho lisitue kwenye gurudumu.

Kipi kipunguzwe, kipi kibaki

Ukishafupisha behewa, huwezi kutunza kila kitu. Kanuni yangu ni kutunza umbo na kupunguza idadi. Shinkansen aina ya 0 za mwanzo zilikuwa na madirisha mapana, dirisha moja kwa kila safu mbili za viti. Kuanzia 1976 zikaja zenye madirisha madogo, moja kwa kila safu. Kwa matofali chagua zile za mwanzo bila kusita. Kuna dirisha la treni la LEGO lenye upana wa vinundu vinne na kimo cha matofali matatu, na umbo lake ni pana kama lile la 1964. Katika behewa la vinundu 28, ukitoa vinne kila ncha kwa ajili ya milango, unabaki na 20, yaani madirisha matano. Treni ya kweli ina mengi zaidi, lakini dirisha bado ni pana na mkanda wa buluu unaolizunguka bado unakwenda kutoka mlango hadi mlango. Ungejaribu kubana madirisha kumi membamba mahali hapo, ungepata treni nyingine kabisa.

Rangi zake ni za bahati kwa mjenzi: mwili wa rangi ya maziwa, mkanda wa buluu madirishani, na buluu tena chini kwenye sketi. Nyeupe ya kawaida inafanya kazi. Rangi ya mchanga inaelekea kwenye kahawia mno.

Pua ndiyo inayotaka muda, na ni kwenye pua ambapo mtoto anaitambua treni. Umbo la mwili wa aina ya 0 lilitokana na kazi ya Tadanao Miki, aliyekuwa msanifu wa ndege za jeshi kabla ya kuingia kwenye reli, na ukiitazama kutoka mbele unaona ndege: pua ya mviringo, vioo viwili juu, taa kubwa kila upande. Ile duara ya mbele kabisa, kwenye treni za kwanza, ilikuwa mfuniko unaopenyeza mwanga, na taa zilipowaka usiku nayo iling'aa. Kwa matofali, nusu tufe moja ya plastiki ya kupenyeza mwanga inatosha kulirudisha jambo hilo, na kwa kipande kidogo kiasi hicho sijui kingine kinachobeba treni nzima namna ile.

Kando ya duara hiyo, mashavu ya pua hayawezi kujengwa kwa matofali yanayotazama juu peke yake. Hapa inaingia hesabu ya pili ya kukariri: mabamba matano yaliyopangwa juu yana kimo cha milimita 16, na vinundu viwili vina upana wa milimita 16. Kwa hiyo kipande kilicholazwa ubavu kinaweza kukaa sawasawa na vile vilivyosimama, kila baada ya mabamba matano. Tumia matofali yenye vinundu ubavuni, ubandike miteremko ya mviringo kwa pembeni, na shavu litazunguka bila ngazi. Lakini kaa macho: kipande kilichobandikwa ubavuni kwa vinundu viwili tu ndicho cha kwanza kung'oka pua inapogonga mguu wa meza. Pua ya treni ya kuchezea lazima igonge meza. Kila shavu lishikwe angalau mahali pawili, na kipande cha mbele kabisa kifungwe kwenye msingi kisining'inie kwenye kioo.

Pua pia inasaidia kona. Kwa kuwa inachongoka, ncha yake ni nyembamba kuliko mwili, kwa hiyo gari la mbele linaweza kuwa refu kidogo kuliko mabehewa ya kati bila kugonga vitu vya kando. Katika gari la vinundu 28 mpango unaofanya kazi ni huu: vinundu nane vya pua na dereva, nane vya kisanduku cha betri, na 12 vinavyobaki kwa mlango na abiria. Mota, ambayo yenyewe ni bogi, ikae upande wa betri, kwa sababu uzito juu ya magurudumu yanayoendesha ndio unaoyazuia kuteleza.

Treni unayoichagua ndiyo mchezo unaouchagua

Watu wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma tangu 2024 wanaijua treni ya mchongoko, ile ya umeme iliyotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, yenye magari manane na kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Ukiitaka kwa matofali, yote niliyoyasema juu ya Shinkansen yanaihusu, kwa sababu ni ukoo mmoja: seti nzima ya umeme, pua kila upande, hakuna kichwa cha kuvuta kinachojitegemea. Magari manane yapunguze yawe matatu au manne. Mchezo wake ni wa kwenda na kurudi. Ikifika mwisho wa reli dereva anahamia upande wa pili na safari inaanza upya. Huhitaji njia panda yoyote, na reli fupi iliyonyooka inatosha. Kwa nyumba yenye nafasi ndogo ni treni nzuri mno.

Madaraka Express, inayokwenda kati ya Mombasa na Nairobi tangu 2017, inavutwa na kichwa cha dizeli. Ikifika mwisho, kichwa kinakatwa, kinapita njia ya kando, kinakwenda kufungwa upande wa pili. Kwa mtu mzima huo ni usumbufu wa kazi. Kwa mtoto ndio mchezo wenyewe. Lakini utahitaji njia panda mbili na njia ya kupishana, na viungio lazima vifanane ncha zote. Betri na mota vyote vinaingia kwenye kichwa, na mabehewa yanabaki matupu kwa ajili ya abiria.

TAZARA ni mchezo mwingine tena. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, watu wanalala humo, wanakula humo. Behewa la kulala na behewa la chakula ndiyo roho ya treni hiyo, kwa hiyo nguvu ya msanifu iende ndani: vitanda vinavyokunjuka, meza, kaunta, mpishi. Hapo paa linalotoka kirahisi ni muhimu kuliko pua. Paa lishikwe kwa vinundu vinne au sita tu, pembezoni, litoke kwa vidole viwili bila kung'oa kuta. Sehemu nyingine yote lipumzike juu ya vigae laini visivyo na vinundu.

Kushikwa ni jambo la kupangiwa tangu mwanzo. Mtoto halinyanyui behewa kwa msingi kama mtu mzima anavyofanya, bali analikamata katikati, juu, kwa mkono mmoja. Ikiwa paa linatoka kirahisi, kuta zitabeba mzigo wote wakati huo, kwa hiyo pandisha nguzo za tofali zima kutoka sakafu hadi juu kila baada ya madirisha mawili, zikipishana na mistari ya matofali ili zifungane. Msingi wa kipande kimoja unasaidia sana. Usipoupata, jenga sakafu ya tabaka mbili za mabamba, viungo vya tabaka la juu visiangukie juu ya viungo vya tabaka la chini. Pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya wa umeme, itengeneze ikunjwe na ilale. Ikisimama wima itavunjika siku ya kwanza.

Siku hizi wengi wanasanifu kwenye kompyuta kwanza. Programu ya Stud.io ni ya bure, inakuonyesha kama kipande fulani kipo katika rangi uliyoitaka, na inakutengenezea maelekezo ya kujengea. Itumie, hasa kama vipande unaviagiza, kwa maana inakuepusha kununua visivyo. Lakini uijenge mapema sehemu moja kwa matofali halisi, nayo ni chasisi: sakafu, mabogi mawili na viungio, bila kuta. Tumia rangi yoyote uliyonayo. Tengeneza chasisi mbili za namna hiyo, zifunge pamoja, zisukume kwa mkono kwenye kona, kisha kwenye kona ya S, kisha kwenye njia panda kwa njia zote mbili. Pembeni simamisha matofali kama jukwaa la stesheni uone yanaguswa wapi. Stesheni yenyewe iweke penye reli iliyonyooka, ikiachana na kona kwa angalau urefu wa behewa moja, maana behewa linalomaliza kona bado mkia wake uko nje.

Zikipita mbele, zirudishe nyuma. Treni inayovutwa inajinyoosha yenyewe, inayosukumwa inajikunja, na kosa lililojificha linatokea hapo. Kwa seti yenye pua mbili na mota moja, nusu ya safari zote ni za kusukuma. Behewa jepesi lililo mbele likiruka reli kwenye kona ya S, usikimbilie sumaku kali zaidi. Kwanza tazama kama bogi linazunguka kwa uhuru au linagusa sketi; mara nyingi sketi ikipunguzwa kinundu kimoja karibu na gurudumu kazi imekwisha. Bado likiruka, ongeza uzito chini ya sakafu, kati ya mabogi, na usiuweke juu karibu na paa. Lisukume tena kinyumenyume kwenye njia panda, kwa kasi ambayo mtoto ataitumia, kabla hujaanza kujenga kuta.